Somo la Usafiri: Lita Zinazookolewa Nyuma ya Lori

Miongoni mwa gharama zinazokula fedha za vyama vya msingi, mafuta ya magari ndiyo yanayoonekana kirahisi katika vitabu na kuchunguzwa kwa uchache barabarani. Katibu huandika lita zilizotolewa, hujumlisha kilomita zilizosafiriwa, hugawanya, na kamati hupokea jawabu. Jawabu likiwa zuri dereva husifiwa. Ni nadra mjumbe kuuliza uzuri huo ulipatikana kwa njia gani.

Somo hili linahusu njia mojawapo ambayo madereva wengi wa safari ndefu wanaijua. Gari dogo hujibanza nyuma ya lori kubwa, hasa lile lenye tela na kontena, likalifuata kwa karibu kwa mwendo wa kilomita nyingi, ili lori livunje upepo na gari dogo lipite katika kivuli chake. Wapo wanaosema kwamba hiyo ni imani tupu. Wapo pia wanaoapa kwamba hurudi nyumbani na mafuta ya kutosha safari nyingine. Inafaa wanachama wajue tangu mwanzo kwamba faida hiyo ipo, na kwamba imekwisha kupimwa. Hatari yake inatokana na ukweli huo huo, kwa maana jambo lisilo na faida yoyote lisingepata wafuasi.

UPEPO NI MDAI

Gari linalokwenda katika barabara tambarare lina wadai wawili wakubwa. Wa kwanza ni matairi, ambayo hubonyea na kurudi kila yanapozunguka. Deni lao kwa kila kilomita halibadiliki sana, gari likienda polepole au kwa kasi. Wa pili ni upepo, na huyu ana tabia nyingine. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, maana yake ni kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya upepo huwa mara nne. Katibu anaweza kuiona hesabu hiyo kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo wenyewe: 40 mara 40 ni 1,600, 80 mara 80 ni 6,400, 100 mara 100 ni 10,000.

Hesabu hiyo peke yake yatosha kumaliza nusu ya ubishi. Katika barabara ya vumbi itokayo mashambani kwenda ghalani, ambako gari huenda kilomita 30 au 40 kwa saa, upepo ni mdai mdogo. Dereva anayejibanza nyuma ya lori katika barabara hiyo anakula vumbi bure. Ndivyo ilivyo pia katika mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa, malori yaliyojaa shehena yanapojikongoja kupanda. Pale hakuna upepo wa kukwepa. Kilichopo ni moshi. Kujibanza kuna maana katika barabara ya lami, mahali tambarare, kwa mwendo wa kilomita 80 na zaidi, yaani palepale ambapo magari yakigongana watu hufa.

Sababu ya kupungua kwa upepo si ngumu kuifahamu. Lori kubwa huisukuma hewa kwa uso wake mpana, na hewa hiyo hupita juu na ubavuni. Nyuma ya sanduku la tela, ambalo ni bapa kama ukuta, hewa haiwahi kujikusanya upesi. Hubaki eneo la hewa dhaifu inayozungukazunguka na kuvutwa pamoja na lori. Gari linaloingia katika eneo hilo hukuta kazi imekwisha kufanywa. Waendesha baiskeli wa mashindano hutumia kanuni hiyo hiyo, nao hupokezana zamu ya kukaa mbele kwa kuwa wa mbele ndiye achokaye.

VIPIMO VILIVYOFANYWA

Mwaka 2007 kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho MythBusters kililipima jambo hili kwa gari dogo nyuma ya lori lenye tela, kwa mwendo wa maili 55 kwa saa, ambao ni kama kilomita 88. Kwa umbali wa mita 30, kilomita zilizopatikana kwa kila kipimo cha mafuta ziliongezeka kwa asilimia 11. Kwa mita 15 ziliongezeka kwa asilimia 20, kwa mita 6 asilimia 27, na kwa mita 3 asilimia 39. Gari liliposogezwa zaidi, hata likawa kama nusu mita tu nyuma ya tela, faida haikupanda bali ilishuka hadi asilimia 28. Katika umbali huo dereva hawezi kuutuliza mguu. Hukanyaga na kuachia, hukanyaga na kuachia, na kila akanyagapo hulipa mafuta. Waliofanya jaribio hilo waliwaonya watazamaji wasiliige.

Makatibu waisome asilimia hiyo kwa uangalifu, kwa sababu imewapotosha wengi. Asilimia 39 ni ongezeko la kilomita kwa lita. Si punguzo la lita. Chukua gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja. Kwa kilomita 100 litatumia lita 10. Likijibanza kwa mita 30 litakwenda kilomita 11.1 kwa lita, na kwa kilomita 100 litatumia lita 9. Likijibanza kwa mita 3 litakwenda kilomita 13.9 kwa lita, na litatumia lita 7.2. Kwa hiyo dereva wa mita 30 ameokoa lita moja, na dereva wa mita 3 ameokoa lita mbili na desimali 8. Tofauti kati yao, katika safari ya kilomita 100, haifiki lita mbili. Hiyo ndiyo bei ambayo dereva ameziuza mita 27 za usalama wake, na za wale aliowapakia.

Chama ambacho gari lake huenda kilomita 1,000 za lami kwa mwezi, tofauti hiyo ni lita 18. Katibu aizidishe kwa bei ya lita ya siku hiyo, kisha amwulize fundi bei ya rejeta, kioo cha mbele, taa mbili na bampa. Aidha akumbuke kwamba hizo lita 18 zitapatikana tu iwapo dereva atalipata lori kwa kila kilomita, na kila lori liwe katika mwendo anaoutaka, na asibanduke nyuma yake hata mara moja. Hakuna barabara ya namna hiyo. Kila anapoachana na lori na kukimbia kulitafuta jingine, sehemu ya akiba yake huteketea katika kukimbia huko.

MITA TATU NI MUDA GANI

Gari linalokwenda kilomita 88 kwa saa hupita zaidi ya mita 24 katika kila sekunde. Dereva mwenye afya, aliye macho, huhitaji takriban sekunde moja au zaidi tangu kuona jambo hadi mguu wake kuanza kuibana breki. Lori lililo mbele likifunga breki kwa nguvu, zile mita 3 zilizopo kati yake na gari dogo humalizika kwa muda wa kama sekunde moja. Maana yake ni kwamba gari hufika kwenye bampa la lori wakati mguu wa dereva ndio kwanza unafika kwenye breki. Ustadi hausaidii hapa, wala umri wa leseni. Umbali unaofundishwa kwa barabara kavu ni ule wa sekunde mbili, ambao kwa mwendo huo unakaribia mita 50. Hata zile mita 30 za jaribio, ambazo machoni pa abiria zinaonekana nyingi, ni sekunde moja na kidogo tu.

Madereva wana hoja moja ya kujitetea. Husema kwamba lori lililobeba tani nyingi haliwezi kusimama upesi kama gari dogo, na kwa hiyo aliye nyuma ana nafasi ya kujiokoa. Mara nyingi hilo ni kweli. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba lori daima husimama kwa breki zake. Lori likilivaa lori jingine lililoharibika barabarani, husimama papo hapo. Hoja hiyo pia inadhani kwamba aliye nyuma anaona kitu. Haoni. Katika barabara zetu lori likiharibika, utingo hukata matawi ya miti na kuyatandaza lamini kuwaonya wanaokuja. Dereva wa lori, akiwa amekaa juu, huyaona mapema na kupinda kidogo kwa utulivu. Anayemfuata kwa mita 3 hakupewa matawi yoyote. Yeye anaona mlango wa kontena tu. Mara mlango unahama ubavuni, na mbele yake lipo lile lori bovu.

Jiwe nalo lina hila yake. Jiwe lenye ukubwa wa chungu hupita katikati ya magurudumu ya lori bila kuligusa, maana tumbo la lori liko juu. Linapotokea chini ya tela huwa limekwisha kufika kwenye sampu ya gari dogo. Kadhalika mashimo, matuta ya vijijini, mbuzi, na wanyama wa porini pale ambapo barabara kuu inaikatiza Hifadhi ya Mikumi. Tairi lililobandikwa mpira mpya likibanduka, vipande vyake huruka nyuma, wala havichagui wa kumwangukia. Zaidi ya hayo, dereva wa lori hamwoni mtu aliyejificha mgongoni kwake. Asiyeviona vioo vya pembeni vya lori ajue kwamba naye haonekani, na mtu asiyeonekana hahesabiwi wakati wa kufunga breki.

Ajali ya kuingia chini ya tela ina ubaya wake wa peke yake. Tela liko juu kuliko boneti ya gari dogo, kwa hiyo sehemu za mbele za gari, ambazo zimeundwa zibonyee na kuwakinga watu, hupita chini bila kugusa kitu, na kinachopokea pigo ni kioo na vichwa vya waliokaa mbele. Tarehe 29 Juni 1967 mwigizaji wa filamu wa Marekani, Jayne Mansfield, alikufa hivyo karibu na New Orleans. Gari alimokuwa halikuwa likijibanza kwa ajili ya mafuta. Ukungu wa dawa iliyokuwa ikipulizwa kuua mbu ulilificha lori lililopunguza mwendo mbele yake. Watu wazima watatu wa kiti cha mbele walikufa wote, na watoto wake watatu waliokaa nyuma waliokoka. Chuma kinachoning'inizwa nyuma ya matela ili kuzuia magari yasiingie chini bado huitwa na Wamarekani kwa jina lake. Katibu anapopita karibu na lori lolote stendi, na aangalie kama chuma hicho kipo, kama kimenyooka, na kama kimefungwa kwa bolti au kwa waya. Atakayoyaona yatamfundisha kuliko ukurasa huu.

Upande wa bima nao usisahauliwe. Bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuikata, ile ambayo wengi huiita bima ndogo, huwalinda watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali na gari la chama. Gari la chama lenyewe haligusi. Na katika ajali ya kugonga kwa nyuma, kwa kawaida mwenye kosa ni aliyegonga.

MASHINE ILIPOJARIBU

Huenda mwanachama akauliza: kama kuna faida, je, haiwezekani kuipata bila hatari? Swali hilo limeulizwa na mataifa yenye viwanda, na jawabu lake lina mafunzo. Mwaka 2014 Maabara ya Taifa ya Nishati Jadidifu ya Marekani iliyapima malori mawili yenye matela yakifuatana kwa umbali wa kati ya mita 6 na mita 23. Breki zake ziliunganishwa kwa mawasiliano ya redio, hivi kwamba la mbele likifunga breki, la nyuma hufunga karibu wakati uleule bila kumsubiri binadamu. La nyuma liliokoa hadi asilimia 9.7 ya mafuta. La kushangaza ni kwamba hata la mbele liliokoa, hadi asilimia 5.3, kwa sababu kuwapo kwa la nyuma hupunguza ule mvuto wa hewa unaolirudisha lori. Ilionekana pia kwamba lori lililosogea karibu mno lilikosa hewa ya kupoza injini, feni ikalazimika kufanya kazi, na feni nayo hula mafuta.

Mwaka 2016 misafara ya malori ya namna hiyo ilitoka nchi kadhaa za Ulaya ikakutana Rotterdam. Lakini Januari 2019 kampuni ya Daimler, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa malori duniani, ilitangaza kwamba imeiangalia upya kazi hiyo na haioni faida ya kibiashara. Akiba ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na ilizidi kupungua kila msafara ulipokatwa na magari mengine na malori kulazimika kuongeza mwendo ili yaungane tena. Ikiwa kampuni yenye kompyuta, rada na barabara pana imeona hesabu haifungi, dereva wa pikapu ya chama atumie kipimo gani?

ALIYEMPELEKA DEREVA NYUMA YA LORI

Mazungumzo ya namna hii yamesikika katika vikao vingi. Mwenyekiti anasema, "Ndugu dereva, safari hii umetufurahisha, umerudi na lita." Mjumbe mmoja wa makamo, mwenye mazoea ya kuuliza, anadakia: "Mwanangu, gari ni lilelile na barabara ni ileile. Umelinywesha nini?" Dereva anacheka: "Mzee wangu, sikulinywesha kitu. Nilikuta lori la kontena pale Morogoro, nikalishika mkia hadi Chalinze." Kikao kinacheka, na ajenda inayofuata inaitwa.

Kikao hicho hakikupaswa kucheka. Ziko kamati ambazo hukadiria mafuta kwa kipimo cha safari bora kuliko zote gari iliyowahi kufanya, kisha humpa dereva kiasi hicho bila akiba yoyote, na upungufu ukitokea humkata posho. Dereva wa kamati hiyo hana mahali pa kupata lita zilizopungua isipokuwa sehemu tatu: mfukoni mwake, katika tangi la mtu mwingine, au nyuma ya lori. Kumlaumu yeye peke yake si haki. Ni kweli kwamba wapo madereva wanaouza mafuta njiani, na kwa hao udhibiti ni wa lazima. Lakini udhibiti hufanywa kwa daftari la safari lililojazwa kilomita za kuondoka na za kurudi, na stakabadhi za kituo, si kwa kumpunguzia mtu mafuta hadi ajifiche mgongoni mwa tela.

Sasa lipo jambo ambalo madereva wenyewe hawaligundui kwa urahisi. Katika lile jaribio la Marekani mwendo haukubadilishwa; gari lilikwenda mwendo mmoja, likiwa peke yake na likiwa nyuma ya lori. Barabarani haiwi hivyo. Dereva wa pikapu aliyezoea kwenda kilomita 100 kwa saa, akijibanza nyuma ya lori, hulazimika kwenda mwendo wa lori. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 hayaruhusu magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 kupita kilomita 80 kwa saa. Kwa kushuka tu kutoka 100 hadi 80, nguvu ya upepo imepungua kutoka 10,000 hadi 6,400 katika hesabu ya hapo juu, yaani asilimia 36, kabla kivuli cha lori hakijafanya kazi yoyote. Akirudi nyumbani na lita, hulishukuru lori. Angerudi nyuma mita 60 na kuendelea na mwendo uleule, angebaki na sehemu kubwa ya akiba ile, na barabara angeiona. Gharama yake ni robo saa kwa kila kilomita 100.

Njia nyingine za kupunguza mafuta zinajulikana, na hazina mvuto wa hadithi. Matairi yajazwe upepo unaotakiwa na yapimwe kabla hayajapata moto. Keria tupu iondolewe juu ya gari. Turubai lifungwe lisipepee kama tanga. Wapo wanaopenda kuliachia gari mteremkoni bila gia wakidhani wanaokoa. Katika injini za siku hizi, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa, mafuta hukatwa yenyewe, kwa hiyo aliyetoa gia hakuokoa kitu bali ameziachia breki kazi yote peke yake.

Akiba iliyo kubwa kuliko zote hizo iko ofisini kwa katibu. Safari isiyofanyika haili lita hata moja. Vyama viwili vya jirani vinavyopeleka kila kimoja gari nusu tupu mjini, siku mbili tofauti, vinaweza kupeleka gari moja. Lori linalopeleka mazao kiwandani na kurudi tupu linaweza kurudi na mbolea ya msimu, ikiwa makatibu wamepigiana simu siku tatu kabla.

MASWALI YA KUJADILIWA VIKUNDINI

1. Gari la chama chenu huenda kilomita ngapi kwa lita likiwa limebeba, na ngapi likiwa tupu? Nani aliyepima, na lini?

2. Dereva wenu alipewa lita ngapi katika safari ya mwisho ya mjini, na kiasi hicho kilikadiriwa kwa njia gani? Mwiteni aeleze mwenyewe kama kilitosha.

3. Bima ya gari lenu ni ya aina gani, na inakwisha tarehe ngapi?

4. Katika miezi mitatu iliyopita, ni safari zipi ambazo zingeweza kuunganishwa na za chama jirani?